Nani Kasema Anaitwa Tirza?

Crescent Town, Toronto
Jumapili, 14 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo ili usije ukawaambia watu wa Pickering kwamba mke wa Pascal hakufundishwa kwao. Zaidi ya hiyo leo sina salamu.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu sikio lako moja halisikii, na mimi nikipaza sauti mtoto anaamka. Haya maneno nataka uyasome yote, tena uyarudie.

Leo zamu ya kupikia kanisa ilikuwa yangu. Unajua, maana ni wewe uliyenipangia. Nilikuwa kule chini na akina mama wawili, nasonga bugali kwenye sufuria ambayo mtu anaweza kuogea, majani ya sombe yanachemka, mvuke umejaa hatuonani. Mtoto nilikuachia wewe juu, amelala. Nikakwambia akiamka uniletee anyonye. Ukasema, "Nenda mwanangu, kapike kwa amani." Kwa amani, Mama!

Ile spika ya jikoni ikaanza kusema. Nikamsikia Mchungaji anatoa mtoto mbele za Bwana, anamwita Tirza, Tirza aliyekubaliwa. Mama mmoja akaniuliza, "Leo wanamtoa mtoto wa nani?" Nikamjibu sijui, labda wale wageni wa Thorncliffe. Watu wa juu waliposema amina, na mimi nikasema amina. Mwiko mkononi, jasho usoni, nimesema kwa nguvu kabisa, kwa sababu mtoto wa mwenzangu ni baraka.

Halafu nikamsikia analia. Ule mlio naujua hata ukitokea kwenye spika mbovu.

Nilipanda ngazi na aproni yangu, unga mpaka kwenye viwiko. Nikamkuta mikononi mwako, mafuta kwenye paji la uso, mnapigwa picha. Sikufanya fujo. Shahidi ni wewe mwenyewe, sikufanya fujo. Nilimchukua tu. Pale mlangoni nahangaika kumvalisha koti, watu wananishika mkono, "Hongera, Mama Tirza." Mama Tirza! Kwetu sisi jina la mtoto ndilo jina la mama yake. Umembadilisha yeye, umenibadilisha na mimi, tena nikiwa nawapikia.

Nimefika nyumbani lifti imekufa tena. Nimembeba mtoto na kigari chake mpaka ghorofa ya tisa, na kila ngazi nilikuwa nakutaja.

Mwanangu anaitwa Raheli. Tangu hospitali anaitwa Raheli, na serikali ya hapa inamjua hivyo. Nani kasema anaitwa Tirza? Nijibu.

Joyeuse, Mama Raheli


Pickering
19 Januari 2024

Mke wa mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma na kuirudia kama ulivyoniamuru. Siku hizi tunaamriwa.

Unauliza nani kasema? Mimi nimesema. Mimi niliyemzaa baba yake. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa kijana hupewa jina na mama wa kijana, na wewe hukuniuliza. Nilinyamaza. Nikasema amechoka, ametoka kwenye uchungu, hana wa kumwelekeza, akili itarudi. Miezi yote hii umenisikia nikimwita mtoto Bebe. Hukujiuliza kwa nini?

Sasa nikuelekeze. Kila Jumatano Mchungaji anatufundisha majina ya Kiebrania na maana zake, na mimi sikosi. Raheli ni kondoo jike. Ndiyo, kondoo! Unamwita mjukuu wangu kondoo mchana kweupe. Na herufi zake ni tatu, zinaandikwa kuanzia kulia. Ya kwanza Reshi, hiyo ni kichwa. Ya pili Heti, hiyo ni uzio. Ya tatu Lamedi, fimbo ya kuswagia ng'ombe. Kichwa kimefungiwa ndani ya uzio na fimbo iko juu yake. Hayo ndiyo maisha unayomtakia? Na yule Raheli wa Maandiko alifia njiani, akazikwa njiani, hakufika. Jina hilo linajua njia, nyumba halijui. Mimi sitaki kulisikia likiitwa ndani ya nyumba za wanangu.

Tirza ni mtu anayependeza, mtu aliyekubaliwa. Kuna ubaya gani kukubaliwa?

Kanisani nilifanya vile kwa sababu nilijua ukiwepo utabisha. Na umebisha.

Nimekuwekea humu karatasi ya serikali ya kubadilisha jina la mtoto. Nilimpelekea Pascal kule Alberta, ameshatia sahihi bila maneno mengi. Imebaki ya kwako. Tia, uirudishe, yaishe, tule Pasaka bila kununiana.

Na umnyonyeshe vizuri. Naona mashavu yamepungua.

Bibi yake Tirza,
Donatienne


Crescent Town
23 Januari 2024

Pascal,

Usipige simu. Nimeona umepiga asubuhi, umepiga mchana, sipokei. Kwenye simu unamwambia kila mtu ndiyo, halafu ukikata unasahau ndiyo ipi ilikuwa ya nani. Chukua kalamu.

Nani alinilalia begani akalia, tumbo langu limefika hapa? Nani alinihadithia habari za dada yake Raheli, aliyefia kambini Nyarugusu akiwa na miaka minne, kwamba mlikuwa mkilala mkeka mmoja, kwamba mama yenu tangu siku ile hajalitaja jina lake? Ni mimi niliyesema, akiwa wa kike tumpe jina hilo. Kwa baba yangu ndivyo tulivyozoea, marehemu anapewa mtu wa kuitwa kwa jina lake ili asipotee. Nikakuuliza, mama yako atasemaje? Ukasema, "Atalia kwa furaha." Mtoto alipozaliwa nikakuuliza tena, umemweleza kwa nini tumechagua hili? Ukasema, "Nimemweleza, amefurahi sana."

Amefurahi! Ameniletea kondoo, uzio na fimbo. Mtoto aliyemtoa tumboni mwake mwenyewe anamwita kondoo, ili mradi tu isionekane mimi nimempa kitu. Nimempelekea zawadi kwa mikono miwili, amenitupia usoni.

Na wewe umetia sahihi! Ulikuwa umelala? Ulidhani ni karatasi za kodi?

Niandikie ulimwambia nini mama yako. Maneno yale yale, usiyaoshe.

Joyeuse


Brooks, Alberta
29 Januari 2024

Mpenzi wangu Joyeuse,

Nakusalimu sana, na mtoto mbusu. Huku baridi imevuka kipimo, asubuhi tunaingia kwenye friji ya nyama kazini ili tupate joto.

Usikasirike hivyo. Mama ni mtu mzima, amepita mengi. Ile karatasi nilijua wewe utaikataa, na bila wewe haina kazi, kwa hiyo nikaona kutia sahihi hakuna ubaya. Mama anafurahi kwamba mimi nimekubali, wewe unafurahi kwamba umekataa, kila mtu anapata chake.

Mimi naona hivi: kanisani aitwe Tirza, nyumbani aitwe Raheli. Watu wangapi wana majina mawili? Hata mdogo wangu Landry nyumbani tulimwita Kobe, na hajafa.

Unauliza nilimwambia nini. Nilimwambia jina ni zuri. Mengine tutaongea nikirudi mwezi wa nne. Ila nakuomba kitu kimoja, mpenzi, kimoja tu. Habari za dada yangu usimtajie Mama. Usithubutu. Nifanyie hilo.

Mumeo,
Pascal


Crescent Town
5 Februari 2024

Mama,

Shikamoo.

Karatasi yako nimeitandika mlangoni, tunawekea viatu vya theluji. Inanyonya maji vizuri.

Umenifundisha Kiebrania, asante. Nami nimekwenda kusoma. Unaijua ile nyumba ya wazee kule barabara ya Bathurst nilipofanya kazi kabla sijajifungua. Kuna bibi mmoja Myahudi, Bi Malka, niliyekuwa namwogesha. Kila siku ananitukana maji ni baridi, na siku ya kuaga akanililia. Juzi nimempelekea mtoto amwone. Nikatoa barua yako, nikamtafsiria yale ya herufi. Alicheka mpaka nesi akaja mbio.

"Kondoo, ndiyo," akasema. "Ubaya uko wapi? Mama yangu alikuwa Rahel. Mwalimu wangu Rahel. Na yule aliyeninyang'anya mchumba, Rahel vile vile. Darasa letu lilikuwa zizi zima!"

Kuhusu uzio na fimbo akaniomba kalamu. Akaandika neno la mkate kwa lugha yao, kuanzia kulia. Ndani yake imo Heti, imo na Lamedi, zile zile. "Mwambie mchungaji wenu asile mkate basi. Umefungiwa kwenye uzio na fimbo iko juu yake." Akanifundisha na hiyo Heti inavyotamkwa, inatoka huku kooni kama mtu anayetoa mwiba wa samaki. Tukakaa tunakoholeana, mimi na yeye, mtoto anatutazama kama wehu.

Nisiwe mwongo, Tirza naye alisema ni jina zuri. Lakini akaniuliza kama namjua Tirza wa Maandiko. Alikuwa mmoja wa wale mabinti watano waliomwendea Musa, wakakataa jina la baba yao aliyekufa lifutwe kwenye ukoo. Kasome. Umemchukua mwanamke aliyesimama kutetea jina la marehemu, ukamtumia kufuta jina la marehemu.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, Mama. Pascal aliniomba nisikutajie. Nimechoka na maombi ya Pascal, nakutajia.

Bi Malka aliniuliza, "Mmemwita kwa jina la nani?" Nikamwambia la wifi yangu, alifia kambini akiwa mdogo. Akashika mguu wa mtoto, akakaa nao hivyo mkononi. Akasema kwao wengi hufanya vivyo hivyo, mtoto huchukua jina la aliyetangulia. Mtu wa mbali, wa dini nyingine, asiyetujua, ameelewa hapo hapo. Wewe uliyemzaa huyo Raheli umenijibu habari za kondoo! Mimi nilitegemea machozi. Nilitegemea utanikumbatia. Nimekuletea jina la mwanao mlangoni, umelifungia nje kwenye baridi, kisha ukaja kunifundisha kunyonyesha.

Sahihi hupati.

Joyeuse, Mama Raheli


Pickering
12 Februari 2024

Joyeuse,

Kumbe ulijua.

Nimekaa na barua yako tangu Ijumaa. Landry ananiuliza, Mama unaumwa? Nimemfukuza chumbani.

Ulijua, na ukamwita hivyo mbele yangu! Ile siku ya kwanza hospitalini, umejilaza, unatabasamu, "Mama, Raheli huyu hapa." Nilishika kile chuma cha kitanda nisianguke. Pascal akanivuta pembeni, akaniapia kwamba hujui kitu. "Mama, amelitoa kwenye Biblia tu, limempendeza. Usimwambie, ataumia." Nikaona ni kweli. Mtoto wa watu hana kosa, ametoka kujifungua, nikimwambia umempa mwanao jina la mwanangu aliyekufa, si atakosa hata maziwa? Nikanyamaza kwa ajili yako. Nikaenda kwa Mchungaji, nikamwambia nitafutie ubaya wa jina hili, ubaya wowote. Alishangaa. Ule uzio na ile fimbo tumevitafuta pamoja jioni nzima. Unadhani mimi naogopa kondoo? Nimefuga kondoo, nimewachinja!

Nilikuwa nakulinda, wewe. Na wewe kumbe unakwenda kunicheka na Myahudi wako.

Basi sikiliza, kwa kuwa umeshafungua. Kwenu marehemu anapewa mtu wa kuitwa. Ni kwenu huko, sikatai. Kwangu jina la mtoto aliyekufa hapewi mtu. Wala si uchawi, usinifanye mshamba. Raheli wangu aliondoka kwa homa, mvua inapiga juu ya turubai, nimemlaza hapa mapajani. Nikimwita anaitika. "Raheli." "Abee." "Raheli." "Abee, mama." Nikawa naita tu, sina dawa, sina kitu kingine cha kumpa. Mpaka nikaita, hakuitika.

Tangu hapo sijaita tena. Jina lile nimeliacha ni lake, zamu ni yake ya kuitika. Leo mtoto mwingine akiitwa, akasema abee, wangu nimwambie nini? Nimwambie basi, usihangaike, amepatikana mwingine?

Nilipomzaa Landry walikuja wanawake wa kambini na nyimbo zao, "Mungu amekurudishia." Niliwatoa nje. Sikurudishiwa mtu. Nilizaa mwingine.

Tirza nitaliondoa ukitaka. Mwite unavyopenda, mwite Jumatatu. Lakini siyo hilo. Nakuomba, na mimi siombi watu.

Donatienne


Crescent Town
16 Februari 2024

Pascal,

Mwezi mzima mama yako na mimi tunatukanana kwa sababu ya sentensi moja uliyoogopa kuisema. Jina hilo ulilitaka wewe kuliko mimi. Ukaogopa kulidai, ukanisukuma mimi mbele, ukamwambia yeye sijui, ukaniambia mimi anajua, ukapanda ndege kwenda kukata nyama.

Usinipigie. Usiniandikie. Njoo. Mwambie bosi wako mkeo amechanganyikiwa, na kwa mara ya kwanza hutakuwa umedanganya.

J.


Crescent Town
21 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Leo naisema kwa moyo.

Pole, Mama. Pole ya mtoto wako, ambaye hakuna aliyewahi kunipa nafasi ya kukupa pole yake. Sikujua. Mkono wako pale kwenye chuma cha kitanda niliuona, nikasema ni furaha imemzidi. Ningejua, ningekuuliza wewe kwanza kabla ya kumuuliza Pascal, na usingelisikia jina hilo kinywani mwangu.

Hayo nimeyasema. Sasa na haya uyasikie, maana hasira yangu bado ipo.

Hukunilinda. Ulinifunga macho ukaniambia nipike. Mimi nina miaka ishirini na nne, nimezaa, nimehama nchi, nimewaogesha wazee wanaonitukana. Ungefunga mlango, ukaniambia, "Joyeuse, jina hili linaniua." Basi, maneno hayo tu! Ningelitoa siku hiyo hiyo, mtoto bado hajajua mkono wake wala mguu wake.

Leo siwezi. Nikueleze kwa nini, halafu unichukie ukijua.

Barua yako ilipofika niliilia, nikaamua. Nikasema mama wa watu ameniomba, nitamtafutia mtoto jina lingine. Nikaanza kujaribu. Yeye yupo chini kwenye blanketi anagonga kijiko sakafuni, mimi nakunja nguo. Nikamwita kwa jina la bibi yangu. Kijiko. Nikamwita kwa jina la dada yangu mkubwa. Kijiko. Nikaita hata Tirza, nikasema labda, kijiko tu. Nikachoka. Nikakaa kitandani nikasema, "Sasa Raheli, tufanyeje mimi na wewe?" Wala sikuwa namwita, najisemea. Akaacha kijiko akageuka. Akanitazama kama mtu aliyesikia anatakiwa. Nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango, nikaita polepole. Akaanza kunitafuta, shingo hiyo inazunguka.

Mama, nililia mpaka jirani akagonga ukuta.

Limeshakuwa lake. Hajui lilitoka kwa nani, hajui kuna mtu analidai. Nikimvua leo nitakuwa nimemfanyia yeye kile ulichonifanyia mimi pale jikoni, kubadilishwa ukiwa hujui. Sitafanya. Hata ukilia. Na najua utalia, na mimi nitalia, na bado sitafanya.

Lakini wewe si lazima umwite hivyo. Hakuna atakayekulazimisha, wala sitapima uso wako wengine wakimwita. Endelea na Bebe, mwite mke mwenzako kama mabibi wengine, mwite kwa jina lolote la mapenzi. Ila lile la kanisani liondoke, na uliondoe wewe mwenyewe mbele ya watu, kama lilivyotangazwa mbele ya watu. Mpaka hapo sufuria zenu sizishiki.

Pascal amefika jana. Analala sebuleni. Mtoto alipomwona alilia, nikamwacha alie.

Mkweo,
Joyeuse


Pickering
4 Machi 2024

Joyeuse,

Marahaba.

Jana nilisimama kanisani. Mchungaji alikuwa hajamaliza matangazo, nikamwomba akae. Nikasema mtoto wa Pascal ana jina alilopewa na mama yake. Lile lingine nilimbandika mimi, mama yake akiwa chini anatupikia, na hapo nilifanya vibaya. Dada mmoja akapiga haleluya. Nikamwambia hapa hakuna haleluya, nyamaza. Mchungaji hakufurahi. Jumatano siendi tena, nimejua herufi za kutosha.

Hasira nawe sijaimaliza, usijidanganye. Lile neno la kunifunga macho limeniuma kwa sababu ni la kweli, na la kweli linachukua muda. Pascal aje hapa kwa miguu yake, akae, anieleze, aondoke. Chakula changu hali.

Masharti yangu ni haya. Asitokee mtu wa kuniambia Mungu amenirudishia. Wewe, Pascal, dada zako, hata huyo Bi Malka. Na mtoto asihadithiwe kwamba amekuja badala ya mtu. Hana hata jino, msimpe kazi ya marehemu. Wangu alikuwa na hasira za karibu. Alipenda kulamba chumvi kiganjani. Alimng'ata Pascal mpaka leo ana alama nyuma ya bega, umwulize. Wako atakuwa na vituko vyake. Jina chukueni. Mwanangu simtoi.

Leo asubuhi Landry na mkewe walipokwenda kazini nilifunga mlango wa jikoni, nikalisema. Kwa sauti ya kawaida, kama unamwita mtoto aje ale. Nilisimama tu pale mpaka maharage yakaungua.

Jumamosi mlete. Mfunike kichwa vizuri, huku kwetu upepo unatoka ziwani. Ukifika mweke chini kwenye zulia, wewe ukae mbali, asiwe anakutazama wewe. Nitamwita. Nikishindwa, ninyi ongeeni mambo mengine.

Donatienne